Mbegu ya Mama Chini ya Jivu

Mimi Twaiba binti Alamin, Mama Husna, wa hapa Kikoneni, ninasema mwenyewe kabla hamjaambiwa na wengine: shamba la wifi yangu nililiunguza mimi. Si jua, si shetani, wala si Nthiwa. Ni mimi, kwa kiberiti nilichokinunua dukani kwa mkono wangu huu. Watu watawaambia Twaiba ni mkali, na wallahi hawatakuwa wamenisingizia. Lakini mwongo nimekuwa kwa siku nne tu katika umri wangu wote, na hizo ndizo ninazotaka kuzieleza. Ila siwezi kuanza na mimi. Lazima nianze na Mwanaima.

Mwanaima ni mke wa kaka yangu Kheri. Alipoletwa hapa alikuwa msichana mwembamba kutoka Majoreni, watu wa samaki, jembe analishika kama kasia. Nilimcheka mpaka nikashika mbavu. Mtanisamehe, lakini wifi asipocheka ni nani atakayecheka? Mama yangu, Mungu amrehemu, hakucheka. Alimpa muo, ule mti uliochongwa ncha wa kutobolea mashimo ya mbegu, wakaenda shambani wawili, wakapanda mdzihana.

Mdzihana ndiyo mahindi yetu ya kale. Punje nyeupe, ngumu, fukusi akiuma anajuta. Ukipika ugali wake jirani anajua. Zamani kila nyumba ilikuwa na mashada yake uchagani, juu ya jiko, yanakula moshi mpaka masika. Kisha zikaja mbegu za paketi, zina rangi nzuri na maneno mengi, na sisi kwa kupenda vipya tukayaacha ya wazee. Mimi pia niliyaacha. Ndiyo maana mama alipolala kitanda chake cha mwisho na kusema mashada yashushwe, hakuniita mimi binti yake wa kumzaa. Alimwita Mwanaima. Jambo hilo lilinikaa hapa kooni miaka saba.

Sasa njoo uone Mwanaima analimaje, utasema huyu ana wazimu. Sisi hapa, kaskazi ikimalizia, tunafyeka, tunakausha, tunachoma, tunangoja mvua. Babu zetu walifanya hivyo na sisi tunafanya hivyo. Mwanaima hachomi. Magugu anayafyeka na kuyalaza pale pale, mistari mistari, kukata mteremko. Mabua anayaacha. Makumbi ya nazi, ambayo watu huyatupa au huyawashia moto, anayaokota kwa kila mtu, anayafukia kwenye mashimo yanywe maji ya mvua. Mtu akibomoa paa lake aweke mabati, Mwanaima yuko mlangoni: "Hayo makuti ya zamani mtayafanyia nini?" Hata nyumba ya mama yetu ilipoezuliwa, makuti yake yote yaliishia shambani kwa Mwanaima, upande wa chini, yamepangwa tabaka juu ya tabaka.

Na Kheri, kaka yangu mtu mzima, mtunza bustani wa hoteli kule Diani, akawa anarudi likizo na magunia kwa pikapu. Tunafikiri mchele! Kufungua, majani ya mivinje. Safari nyingine, mwani uliotupwa na maji ufuoni, ule ambao hoteli huukokota kila asubuhi ili wageni wasiukanyage. Mwanaima aliumwaga uani, akauacha upigwe na mvua ya vuli utoke chumvi, kisha akaupeleka migombani. Mimi nilikuwa nikiwaambia watu, mke wa Kheri analima jaa. Nao walicheka, maana nilijua kulisema.

Lakini tusinyimane haki. Mwezi wa pili, wakati mashamba yetu yamepasuka na unga wa mchanga unakuingia puani, ungepita kwa Mwanaima ukafukua majani kwa kidole, chini yake ungekuta ardhi ya baridi, nyeusi, na mnyoo. Niliwahi kufanya hivyo kwa siri. Nikayarudisha majani haraka nikaenda zangu, nimeudhika siku nzima.

Mwaka uliotangulia moto, mvua ilituchezea sote. Masika yalikuja siku tisa yakaondoka. Mimi sikuvuna hata hindi la kuchoma. Mwanaima alivuna mdzihana kidogo, mashada matatu, na hayo hakula hata punje. Watoto walikula muhogo. Mashada yale yalikuwa ndiyo mbegu yote ya mama iliyobaki duniani, kwa tunavyojua sisi.

Basi. Ilikuwa Ramadhani, zimebaki siku chache mwezi uandame. Mwanaima akaja uani kwangu asubuhi na mapema, amejitanda kanga nyeusi.

"Shikamoo, wifi."

"Marahaba. Mbona umevaa hivyo?"

"Ninakwenda Majoreni, tumefiwa. Lakini kabla sijaondoka nimekuja kukuomba jambo. Mwaka huu usichome."

"Nisichome?"

"Nimekwisha panda kavu. Mbegu yote ya mama iko ardhini, sikubakisha hata punje, maana mwaka jana umeuona mwenyewe. Na majani yaliyo juu yake ni makavu. Ikiruka cheche moja tu, yamekwisha."

"Kwa hivyo mimi nisilime kwa ajili yako."

"Ulime, wifi. Nitakuja na jirani yetu Nthiwa tukusaidie kuyalaza magugu, siku mbili yamekwisha. Hata mama mwisho wake alikuwa ameacha kuchoma."

Angenyamaza kabla ya hilo la mwisho, yote haya yasingekuwa. Mama yangu! Ananieleza mama yangu! Nikamwambia nililima kabla yeye hajajua jembe lina mpini, na kwamba mgeni akikaa sana hujisahau akadhani ni mwenyeji. Nilisema na mengine, sitayarudia. Mwanaima akaitengeneza kanga yake mpaka nikamaliza.

"Haya, wifi. Kama ni lazima uchome, ningoje. Ninarudi leo leo jioni. Kesho alfajiri upepo ukiwa umelala tuchome pamoja, mimi nisimame mpakani na maji."

"Nimesikia," nikamjibu.

Nimesikia si nimekubali. Hata mtoto wa hapa anajua shamba linachomwa alfajiri au jua likishuka, na jirani zako wako pamoja nawe, kila mtu na tawi bichi mkononi, na mpaka umekwisha limwa ukabaki mchanga mtupu. Mimi nilichoma saa nne, asubuhi ile ile. Peke yangu. Na saumu kichwani, na hasira, na kaskazi inavuma kutoka kwangu kwenda kwake. Nilijiambia moto utafika mpakani utakufa. Hata mpaka sikuulima.

Moto haukufa. Ulifika kwenye majani ya Mwanaima ukapata chakula. Mivinje ile inashika kama imemwagiwa mafuta ya taa. Nilikimbia, nikavunja tawi la mkorosho, nikapiga, nikapiga, kanga ikanitoka, nikapiga kichwa wazi. Nikapiga ukunga. Wa kwanza kufika alikuwa Nthiwa.

Nthiwa ni Mkamba. Baba yake alihamia hapa kutoka bara, na yeye amepewa kipande alime, chini ya shamba la Mwanaima. Msimu wa kiangazi huchoma makaa kidogo. Alikuja mbio na majerikeni mawili, anapiga kelele, "Kujeni! Kujeni na maji!" Akaingia ndani ya moshi mpaka sikumwona. Alipotoka nyusi zake zilikuwa zimeungua zote. Watu wakaja, wakapiga, na baada ya saa moja moto ukalala. Juu kote kulikuwa jivu. Chini, upande wa Nthiwa, moshi ulikuwa bado unafuka polepole.

Tukasimama pale, tunakohoa. Mtu mmoja akasema, "Moto huu si wa tanuri la Nthiwa?" Wote wakanigeukia, kwa kuwa ndimi niliyekuwapo kwanza.

Nikasema, "Huenda."

Neno moja! Mtu ana saumu, katika mwezi mtukufu, nyusi za jirani yake bado zinanuka, na anafungua kinywa anasema huenda. Kufika magharibi, "huenda" yangu ilikuwa imegeuka "Twaiba ameona kwa macho yake." Nami sikuirudisha. Niliketi kufuturu kama kawaida.

Mwanaima alikuwa amerudi jioni ile, jua bado halijazama. Tulimfuata shambani kama wanaosindikiza maiti. Akasimama kwenye jivu na kanga yake ya msiba. Wakamweleza. Akainua uso, upepo ukampiga.

"Nthiwa yuko kule chini," akasema. "Leo upepo umetoka chini?"

Hakunitazama, na bora angenitazama. Akapiga magoti, akafukua jivu kwa vidole, akatoa punje moja. Ilikuwa nyeusi. Akaifunga kwenye ncha ya kanga. "Ikinyesha tutajua," akasema, akaenda kuwapikia watoto.

Siku ya nne ilikuwa Ijumaa. Baada ya swala, mzee wa mtaa, Mzee Chirau, akaita kikao. Walikwisha amua kabla ya kuketi: Nthiwa arudishe kipande alichopewa, atafute pengine. Ana mke na watoto wanne, na masika yamo njiani, lakini mambo ya mgeni huamuliwa haraka. Akaambiwa ajitetee.

Nthiwa akasimama, ameshika kofia yake. "Mimi sikuwa nimewasha tanuri wiki hiyo," akasema. "Lakini kama Mama Husna amesema ameona, siwezi kusimama hapa niseme Mama Husna ni mwongo. Yeye ni mama kwangu. Watoto wangu wanakula kwake."

Uso usio na nyusi ni uso wa ajabu, unaonekana kama wa mtoto mchanga. Niliutazama uso ule. Kikulacho ki nguoni mwako, na Mwanaima kilichomla kilikuwa mimi, damu ya mumewe, wala si huyu wa bara.

Nikasimama. "Kaa chini, Nthiwa. Moto ni wangu. Niliuwasha saa nne, peke yangu, kwa hasira, na niliombwa ningoje. Sikuona chochote kutoka kwake. Nilisema uwongo nikiwa nimefunga. Astaghfirullah. Sasa semeni mnayotaka kusema."

Walisema! Kina mama walisema, wanaume walisema, hata wale niliowahi kuwacheka miaka ishirini iliyopita walipata nafasi yao. Nilistahili. Mzee Chirau akanyamazisha watu, akamwambia Mwanaima, "Mwenye mali ni wewe. Sema wamtaka afanye nini."

Mwanaima hakulia siku ya moto, alilia hapo. "Nilikuomba kesho alfajiri, wifi," akasema. "Kesho alfajiri tu! Ungenitukana usiku kucha ukitaka, lakini ungengoja." Akajifuta kwa kanga. "Sina cha kukutoza. Mbegu ile hainunuliki. Kikiota chochote, utajenga dungu utawinga ndege wewe, mpaka mavuno. Ndege mmoja akila, ni wewe. Tumbili mmoja akivunja, ni wewe."

Nikasema ndiyo. Mara ya kwanza katika umri wangu nilisema ndiyo na nikaishia hapo.

Mvua ikaja siku ya tatu ya Idi, nzito, usiku na mchana. Mahindi huchukua siku sita, saba, kutoa kichwa. Siku ya tano nilikuwa pale kabla ya adhuhuri. Siku ya sita mara tatu. Upande wa juu ulikuwa jivu lililolowa, hakuna kitu. Siku ya saba hakuna kitu. Siku ya nane nikamwona Mwanaima amechutama upande wa chini, kwenye makuti ya nyumba ya mama, hatikisiki. Moto ulikuwa umekula tabaka la juu tu. Chini yake makuti yalikuwa mazima, na chini ya makuti kulikuwa na makumbi yake yaliyofukiwa, na katikati ya vyote hivyo umetokeza mche wa kijani, umejisokota. Kisha mwingine. Tulitambaa kwa magoti kama watoto wachanga, watu wazima sisi. Miche sabini na tatu.

"Ni paa la mama," nikasema.

"Ni paa la mama," akasema Mwanaima. Hilo ndilo lilikuwa neno la kwanza aliloniambia tangu kikao.

Nikajenga dungu. Nthiwa alinikatia nguzo, bila kuombwa, na nyusi zake zimeanza kurudi moja moja. Nikapanda juu na teo langu na bati la kugonga. Kazi ya dungu ni kelele, na kwa kelele mnanijua. Lakini katikati ya kelele kuna kukaa, na ukikaa unatazama, na mimi miezi minne nilikuwa ninamtazama Mwanaima.

Nilimwona akipita kila asubuhi na kumbi lililolowa, anainama mche kwa mche kuukamulia maji. Nilimwona anapanda kunde kati ya mahindi si kwa tamaa, bali ili ardhi isikae uchi. Ndivyo alivyosema: ardhi isikae uchi. Upande ulioungua aliupanda fiwi na maboga yatambae, na masika yalipokatika ulikuwa umefunikwa wote, usingejua. Palizi yake hapigi jembe kwa nguvu, anakata gugu shingoni analilaza. Nilimwona anaongea na Nthiwa juu ya mbelewele. Mahindi ya paketi yakichanua pamoja na ya mama, upepo utayachanganya, na mbegu itakuwa si ya mama tena. Nthiwa akapanda pojo msimu ule, badala ya mahindi. Mtu nusura tumfukuze, akaacha mahindi yake kwa ajili ya mbegu ya mama yetu! Nami nikapanda muhogo. Watu wakaniuliza, Twaiba, huna mahindi? Nikawaambia mahindi yangu yako kule, sabini na tatu, niulizeni jina la kila mmoja.

Tumbili walivunja mawili. Siku ile nilienda mwenyewe kwake kusema, kabla hajayaona. Akanitazama. "Yamebaki sabini na moja," akasema. "Karibu chai."

Niseme ukweli wangu: nimeishi na wanawake hodari wengi, lakini kama huyu sijaona. Hajui kupiga kelele, hajui kujisifu. Aliletwa hapa hajui jembe, na leo watu wa Kikoneni wanapita shambani kwake wanapunguza mwendo. Mama aliona mapema. Mimi ilinibidi nichome kwanza.

Mahindi yalikauka mvua za mchoo, zile ndogo za baada ya masika, zikimalizia. Tulivuna watatu, mimi, Mwanaima na Nthiwa. Mwanaima akachagua mahindi ya mbegu kama alivyofundishwa: lenye mistari iliyonyooka, lililofungwa na ganda mpaka ncha. Maganda akayafunua, akayasuka pamoja, yakawa mashada. Hakula hata moja, mwaka huu pia.

Jioni moja nikamsikia anapiga hodi jikoni kwangu. Amebeba mashada mawili. Moja akalilaza kizingitini. "Hili ninampelekea Nthiwa," akasema. Jingine akaninyooshea.

"La nini?"

"Lako. Litundike uchagani."

"Langu? Mwanaima, mama hakunipa mimi."

"Mama alinipa mimi, na mimi ninakupa wewe. Mbegu ilikaa nyumba moja, nusura iishe. Sasa itakaa nyumba tatu. Kwangu kikiharibika kitu, iko kwako. Kwako kikiharibika, iko kwa Nthiwa."

"Na hukuona mwingine wa kumpa? Mji mzima? Ukaona umpe mwenye kiberiti?"

"Nimefikiri sana," akasema, na ndipo akatabasamu, mtoto yule wa Majoreni. "Hapa Kikoneni hakuna anayeuogopa moto kama wewe."

Nikalipokea kwa mikono miwili. Nikamwambia atoke jikoni kwangu, moshi umeniingia machoni. Na jiko nilikuwa bado sijaliwasha.